Fataki Zilizogoma

Risasi ya kwanza kugoma ilikuwa Jumamosi ya baridi, mwezi wa sita. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nyuma ya wapiga shabaha, kitenge nimekizungusha juu ya koti, vizuia sauti masikioni, napinda pindo la gauni la mteja. Nilipoinua macho nikaona baba mkwe wangu amesimama tuli, mkono umenyooka mbele. Alikuwa amevuta kifyatuo na nyundo ikapiga, ila pasitoke kitu. Hakugeuka wala hakuinamisha bastola kuitazama. Aliuacha mtutu ukielekea kwenye kilima cha mchanga, akangoja, kwa sababu risasi iliyogoma yaweza kubadili nia baada ya muda kidogo. Alipoona imekaa kimya kabisa, akairudisha chini ya nyundo na kuvuta tena. Ikalia.

Baadaye akaja kwenye benchi, akavua miwani yake na kuifuta.

"Umeona, mama?" aliniambia. Wakongo humwita mkamwana "mama", na miaka yote sikuzoea. "Mara ya kwanza imekataa. Mara ya pili imekubali."

"Nimeona, Baba."

"Hii haikuwahi kunipata."

Mimi ni fundi cherehani, mtu wa Muheza, mkoa wa Tanga. Kabla ya kuolewa sikuwahi kuiona bastola kwa karibu, na hata baada ya kuolewa nilikaa miaka mingi bila kuuliza. Siku hizo nilikuwa nampeleka uwanjani kwa sababu moja tu: hakuwahi kujifunza kuendesha gari, na mwanawe, mume wangu, alikuwa barabarani na lori la mizigo, leo Midrand anapakia, baada ya wiki yuko mpakani Kasumbalesa anasubiri zamu yake ya kuvuka. Nyumbani Yeoville, hapa Johannesburg, tulibaki wawili, mimi na mzee.

Na watu wawili wa namna yetu si rahisi kukaa pamoja. Mimi nimelelewa kwamba baba mkwe haangaliwi usoni, haketi na mkamwana kwenye mkeka mmoja, na neno lake hupitia kwa mtu wa tatu. Yeye naye, mtu wa Kalemie, Kongo, alikuwa na adabu zake za huko kwao, na kwa jambo hilo zilifanana na zangu kuliko hata lugha zetu. Mume wangu akiwapo, yeye ndiye aliyekuwa daraja. "Muulize mama kama chai ipo." "Mwambie Baba ipo." Asipokuwapo, mzee alikohoa mlangoni, nami nikaelewa kwamba kikohozi hicho ni chai na kile ni gazeti. Jumamosi kwenye gari ndipo tulipojifunza kuongea. Macho yangu yalikuwa barabarani, yake kwenye kioo cha upande wake, na adabu ya kila mtu ilikuwa salama.

Ni kwenye gari hilo alikonieleza maisha yake. Alifika Johannesburg akiwa mtu mzima, akapata kazi ya kulinda lango la jengo moja la ghorofa nyingi Hillbrow. Kampuni ikampeleka kufundishwa silaha. Wenzake waliona mafunzo yale kama adhabu, lakini yeye alipotundikiwa karatasi yenye duara jeusi na kuambiwa avute pumzi, atoe nusu, atulie, alisema alihisi kama mtu aliyefungiwa chumbani kisha akafunguliwa dirisha. Katika miaka yote ya lindo hakuwahi kumpiga mtu risasi, na kila Jumapili kanisani alilitaja hilo katika shukrani zake. Alipopata uraia na baadaye kustaafu, akapitia mitihani na vibali vyote, akanunua rivolva moja kuukuu ya risasi ndogo, ya kulengea karatasi tu. Ikawekwa kwenye sanduku la chuma lililofungwa ukutani, na ufunguo wake hakuna aliyeushika ila yeye.

Shida ya rivolva ile ni chakula chake. Risasi za kipimo kile madukani ni za kubahatisha, leo zipo, miezi mingine yote hazipo. Kwa hiyo wazee wengi pale uwanjani hujitengenezea. Kibaraza chetu kilichozibwa kwa vioo kilikuwa karakana yake. Maganda ya shaba yaliyokwisha kutumika huyaokota, huyasafisha, hurudisha umbo lake, halafu kwenye kitako cha kila ganda hupandikiza fataki mpya, ile kofia ndogo ya shaba inayogongwa na kuwasha. Kisha baruti ndani, risasi juu, ganda hubanwa kidogo mdomoni, kazi imekwisha. Ile kofia, kwa Kifaransa chake, aliiita amorsi. Siku moja aliniuliza sisi Watanzania tunaiitaje.

"Fataki," nikasema, nikashika usukani kwa nguvu nisicheke. Kwetu fataki ni pia mzee anayenyemelea wasichana wa shule. Sikumwambia. Akaenda kulitangaza jina hilo kwa kila Mtanzania aliyekutana naye Yeoville, na wao wakamtazama kwa mashaka makubwa.

Jumamosi iliyofuata risasi nyingine ziligoma, na iliyofuata tena. Baba mkwe hakuwa mtu wa kukasirika. Alikuwa mtu wa kutafuta.

Kwanza alishuku rivolva yenyewe. "Imezeeka kama mimi," alisema. "Spring ya nyundo huenda imechoka. Inagonga kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe." Kulikuwa na mzee mmoja pale klabuni, Mwafrikana, mzungu wa kulekule, mwenye ndevu nyeupe, mwenye rivolva ya kipimo hichohicho. Wakakubaliana kubadilishana chini ya macho ya msimamizi wa uwanja. Risasi za dukani za yule mzee zililia zote ndani ya rivolva ya baba mkwe, bila hata moja kusita. Risasi za baba mkwe ndani ya rivolva ya yule mzee zikagoma vilevile.

"Bon," alisema baba mkwe tukiwa njiani. "Bastola haina kosa. Kosa ni langu."

Akashuku unyevu. Kibaraza kile hutoa jasho wakati wa baridi, asubuhi vioo vinalia maji. Akanunua fataki mpya, akaziweka kwenye chombo kikavu ndani ya chumba chake. Zikagoma. Akashuku mafuta ya vidoleni, kwa sababu fataki ikiguswa na mafuta hulegea. Akanunua glavu nyembamba, akazitia fataki bila kuzigusa kabisa. Zikagoma. Akashuku masizi, kwamba tundu la kitako halikusafishwa vizuri na uchafu unaizuia fataki isifike chini. Wiki nzima nikamsikia kibarazani akikwangua, ganda baada ya ganda, nami sebuleni cherehani yangu ikiguguna. Tukawa kama viwanda viwili jirani.

Risasi nyingi zililia. Hilo ndilo lililomsumbua. "Zingekataa zote ningefurahi," aliniambia. "Kitu kinachokataa leo na kukubali kesho, hicho ni kama mtu anayeficha jambo."

Jibu lilianza kuonekana siku silinda ilipokwama. Alikuwa ameipakia na kuifunga, akavuta kifyatuo, na silinda ikakataa kuzunguka, kana kwamba kuna kidole ndani kimeishika. Hakulazimisha. Akamwita msimamizi, wakaifungua taratibu, wakatoa risasi zote. Mzee akaja nazo kwenye benchi kwenye kisanduku chake, akakaa mwisho wa benchi, mimi mwisho mwingine, kisanduku katikati. Akaitoa moja baada ya nyingine, akiinyanyua juani na kukunja uso.

"Macho yangu hayaoni kitu," akasema. "Weye unaona?"

Macho yangu pia hayakuona. Lakini mimi kabla ya kumkabidhi mteja nguo yake huipitishia ncha ya kidole kote, kwa sababu pini iliyosahaulika jicho huiruka. Nikaomba ruhusa. Akanipa moja kwenye kiganja, naye macho yake hayakuondoka mkononi mwangu. Nikapitisha kidole kwenye kitako. Laini. Ya pili, laini. Ya tatu kidole kikajikwaa.

"Hapa pameinuka, Baba."

"Wapi?"

"Hapa katikati. Fataki imesimama nje kidogo. Kama kifungo kisichovutwa uzi."

Akaipokea, akapitisha kidole chake cha kulia. Akatikisa kichwa. "Hapana. Iko sawa."

Nikapitisha tena. Ilikuwa imeinuka. Nilitaka kunyamaza, kwa kuwa mkamwana hambishii mkwe, lakini kile kisanduku kilikuwa kati yetu na silinda ilikuwa imekwama kweli. "Jaribu na kidole cha mkono mwingine," nikasema.

Akajaribu na cha kushoto. Akarudia mara ya pili.

"Eish," akasema polepole.

Kumbe yote yalikuwa pale. Fataki isiyokaa chini kabisa, nyundo inapoigonga mara ya kwanza huimalizia safari yake tu, huisukuma mpaka ikae. Mara ya pili ndipo inawaka. Na ikichomoza zaidi, inakwaruza chuma cha nyuma na kuizuia silinda isizunguke. Alinieleza hayo tukiwa kwenye gari, kwa furaha ya mtu aliyepata miwani yake, nami nikafurahi pamoja naye mpaka tulipofika roboti ya kuingia mjini na taa ikawa nyekundu. Hapo nikawa nafikiria neno moja: kwa nini kidole chake cha kulia hakikuisikia?

Jumapili baada ya kanisa hakukohoa mlangoni. Aliniita kwa sauti. Nikaenda kibarazani, nikabaki nimesimama kizingitini.

"Kaa," akasema, akanisogezea kigoda. "Nataka uangalie, kwa sababu mimi sielewi. Fataki hii siitii kwa mashine. Ninaitia kwa koleo hili la mkono, nikibana, na kiganja kinaniambia imefika chini. Miaka yote kiganja changu hakijadanganya."

Akaweka ganda, akaweka fataki, akabana. "Nimeisikia," akasema. Akanipa. Nikapitisha kidole. Imeinuka. Akabana nyingine. "Hii nimeisikia kabisa." Imekaa sawa. Nyingine tena. Imeinuka.

Safari hii sikuangalia koleo. Niliangalia mkono. Vidole vinne vilifunga, lakini dole gumba lilikuja nyuma yao, limechelewa, likagusa chuma na kuachia kabla ya wenzake. Na nikaona kile ambacho kilikuwa mbele yangu kwa wiki nyingi: kikombe cha chai mezani, kishikio chake kimegeuzwa upande wa kushoto. Kitasa cha mlango kwa kushoto. Kofia kanisani kwa kushoto.

"Baba, bana kwa mkono wa kushoto."

Akanitazama. Akahamisha koleo, akabana kwa shida kama mtoto anayejifunza kukata kwa mkasi. Akanipa. Fataki ilikuwa imelala kitakoni, laini. Akabana nyingine, nyingine tena. Zote laini.

Akaliweka koleo mezani. Akaushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akaugeuza, akauangalia mbele na nyuma, kama mtu aliyeokota kitu cha mwenzake njiani na hajui amrudishie nani.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu karibu na Pasaka. Niliamka asubuhi mkono umekufa. Nikasema nimeulalia. Mdomo pia ulikuwa mzito kidogo. Mchana ukarudi, nikasema, voilà, nimepona."

"Hukumwambia mtu?"

"Mwanangu angesema nini? Angesema, Papa, ile bastola iuzwe. Angesema, Papa, usitoke peke yako. Mama, nakuomba. Usimwambie."

Katika nyumba ile sikuwahi kuombwa kitu na mzee yule. Nilikuwa naagizwa kwa kikohozi. Sasa alikuwa ananitazama usoni moja kwa moja, nami nikamtazama vilevile, na hakuna aliyekuwapo wa kuwa daraja.

"Mimi sitamwambia," nikasema. "Utamwambia wewe mwenyewe. Lakini kwanza kesho tunakwenda hospitali."

"Kesho una wateja."

"Wateja watakuta mlango umefungwa. Baba, zile risasi zimejaribu kukuambia tangu mwezi wa sita. Basi mimi nisikuambie?"

Akainamisha kichwa. Nilidhani amekasirika. Kumbe alikuwa analia, bila sauti, machozi yanaangukia glavu zake nyembamba. Sikujua la kufanya na baba mkwe anayelia. Mila niliyofundishwa haina sura hiyo. Nikabaki kwenye kigoda changu, nikaokota yale maganda na kuanza kuyapanga, yaliyo laini huku, yaliyoinuka kule, mpaka alipomaliza.

Hospitali ya serikali tulikaa kwenye foleni tangu alfajiri. Nesi alimwita "mkhulu", babu, akamwekea mpira wa presha mkononi na kuguna. Daktari, kijana mpole, alimnyooshea vidole viwili na kumwambia aviminye, mkono huu, sasa huu. Ilikuwa kiharusi kidogo, akasema, na bahati yake kimepita kikimchungulia tu, lakini presha ikiachwa hivyo kitarudi na mizigo yake yote. Akampa dawa za kila siku. Akamuuliza anatumia mikono kwa kazi gani siku hizi.

Baba mkwe akanigeukia. "Mwambie nashona na weye."

Nikamwambia daktari ukweli, kwamba analenga shabaha. Daktari akacheka, kisha akaacha kucheka, akasema kwa sasa asishike, apimwe tena baada ya miezi, na mkono ufanyishwe kazi. Aminye kitu laini kila siku.

Jioni ileile, jua bado lipo, alimpigia mwanawe. Alikaa mezani, simu ameiweka wazi ili nami nisikie. Mume wangu alikuwa mpakani, nyuma yake honi na watu wanaouza mayai.

"Mwanangu," akasema, "nilipata kiharusi kidogo. Nimekwenda hospitali. Nina dawa."

"Papa, lini?"

"Pasaka."

"Pasaka! Nilikuwa nyumbani Pasaka! Nani amejua?"

"Mke wako. Amenipata kwa kidole."

Akamweleza yote, nyundo, fataki, silinda, kwa mapana na marefu, nami nikafikiri yule maskini anasubiri kusikia habari za baba yake na anapewa somo la baruti. Lakini alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza bastola iko wapi.

"Iko kwenye sanduku. Haitoki mpaka daktari aseme. Hilo nimeamua mwenyewe, hujaamua weye."

"Sawa, Papa."

"Na usimgombeze mama."

"Nimgombeze kwa nini? Papa, mpe simu." Nilipoishika nikasikia kwanza injini za malori. Kisha akasema, "Asante," akakata kabla sijajibu.

Risasi zilizobaki hazikuweza kukaa vile. Risasi isiyoaminika haihifadhiwi, alisema, huvunjwa. Alikuwa na kifaa kama nyundo ya plastiki chenye tundu: risasi huingizwa humo, ukigonga sakafuni, kichwa kinachomoka na baruti inamwagika ndani yake. Kila alasiri aligonga chache kwa mkono wa kushoto, na jirani wa chini akapanda kuuliza tunajenga nini.

Kitu laini cha kuminya kilipatikana jikoni. Mpira aliopewa hospitali aliudharau, akasema ni wa mtoto. Nilipokuwa nakanda unga wa chapati akaja kusimama mlangoni. "Huo," akasema, "huo ndio unapigana." Akanawa mikono, akakunja mikono ya shati. Baba mkwe kukanda unga wa mkamwana! Ningemwandikia mama yangu Muheza asingeamini. Chapati za kwanza zilikuwa ngumu kama soli, tukazila. Baada ya miezi michache zilikuwa laini kuliko zangu, na wateja wangu wakaanza kuuliza chapati kabla ya kuuliza nguo.

Mkono ulirudi, ila haukurudi wote. Daktari alipomruhusu, alikaa kibarazani akajaribu koleo lake mara moja tu, maganda machache. Akanipa niyapitie kwa kidole. Mawili yalikuwa yameinuka. Wiki ile akamwita yule Mwafrikana mwenye ndevu, ambaye alikuwa na vibali vya kumiliki vitu vile, akamkabidhi koleo, mizani na vyote. Walipeana mikono kwa muda mrefu ngazini. Kibaraza kikabaki na meza tupu, nikahamishia mashine yangu ya kudarizi, kwa ombi lake, kwa sababu alisema mwanga ule usipotee bure.

Rivolva aliibakiza, kwa risasi za dukani zinapopatikana, ambazo si nyingi. Jumamosi ya kwanza aliyorudi uwanjani mume wangu alikuwapo nyumbani, naye akaja nasi, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alisimama kando yangu, vizuia sauti vimemkalia kombo, anamwangalia baba yake akijipanga upya kwa mkono wa kushoto, mguu upi mbele, bega lipi wazi. Risasi zote zililia. Karatasi iliporudishwa, matundu yalikuwa yametawanyika kila pembe, na moja lilikuwa kwenye karatasi ya jirani. Mzee akalitazama lile, akaanza kucheka, akacheka mpaka msimamizi akamshika kiwiko asianguke.

"Nimeanza darasa la kwanza," akamwambia mwanawe.

"Papa, umempiga jirani."

"Jirani atanisamehe. Yeye hajanipiga."

Mume wangu aliendesha wakati wa kurudi. Mzee aliketi nyuma, akavuta kofia usoni, na kabla hatujaipita Midrand alikuwa amelala, kichwa kimeegemea kioo, kinywa wazi. Mume wangu akapunguza redio, kisha mwendo. Gari zote zikatupita.